Harufu Si Shahidi

Ile ndege niliiona ikianguka kwa macho yangu haya mawili, na mpaka leo hakuna mtu aliyeniuliza niliona nini. Waliulizwa askari waliokuwa wameegemea gari lao kivulini. Aliulizwa mwenye duka karibu na uwanja, ambaye wakati ule alikuwa msalani, na hilo alilisema mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni mwa njia ya kutulia ndege, jua la adhuhuri limenisimama utosini, na aliyekuwa ndani ya ndege alikuwa mume wangu. Lakini mimi ni mwanamke, tena mwanamke wa kisiwa cha Nzwani, na habari yenyewe ilikwenda kuamuliwa Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa kingine, ambako mwanamke wa Nzwani ana sauti sawasawa na kuku aliyefungwa miguu sokoni.

Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilizaliwa Unguja, ambako baba yangu alikuwa akisomesha Kurani, na tuliporudi kwetu Mutsamudu nilikuwa msichana mkubwa, ulimi umeshakomaa. Lugha ya kwetu naisema bila taabu. Ila nikikasirika, nakasirika kwa Kiswahili.

Mume wangu alikuwa mtu wa Moroni, seremala wa vitanda na milango. Alikuja Mutsamudu kutengeneza mlango wa msikiti wa mtaani kwetu, akawa kila siku anamwomba baba yangu maji ya kunywa, maji yakawa chai, chai ikawa posa. Tulioana kwa ndoa ndogo, ya kadhi na sinia la wali, bila ngoma. Kwetu visiwani nyumba ni ya mwanamke. Mume huja, hutundika kanzu yake kwenye msumari, na akikorofisha huitundua. Wangu alikuwa akija na kuondoka, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa Moroni, na mimi sikulalamika. Alikuwa mtu wa vichekesho. Akija, nyumba ilijaa vumbi la mbao na vicheko, na nilimpenda, sioni haya kulisema hilo hata baada ya yote haya.

Zama zenyewe ni zile za Wazungu wa kukodiwa, waliomrudisha rais kwa bunduki kisha wakabaki kumlinda. Au kutulinda sisi tusimfikie, sijui. Walivaa sare nyeusi katika joto lile, wakaendesha magari kama barabara zimejengwa na baba zao, na watu wakajifunza haraka sana kuwacheka vichekesho vyao hata visivyochekesha. Wengine waliwauzia, wengine waliwaoza binti zao. Sitaki kujifanya kwamba sote tulikuwa mashujaa tunaosubiri siku.

Mmoja wao alikuwa na wazimu wa ndege. Si ndege ya kununua, bali ya kuunda mwenyewe. Alikuwa na michoro kutoka kwao Ulaya, mbao nyembamba zilizokuja kwa meli, vitambaa vya kufunika mabawa, na injini iliyokuwa ya gari dogo ikageuzwa kazi. Alichokosa ni mikono, maana mikono yake yeye ilizoea vitu vingine. Akamtafuta seremala bora wa Moroni, akaonyeshwa mume wangu.

Waliijenga kwenye banda moja Itsandra, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Nilikwenda kuiona nilipokuwa Moroni kumsalimia mama mkwe. Nilitarajia kitu cha kutisha. Nikakuta mbavu za mbao zimepangwa juu ya meza ndefu kama samaki aliyekwisha kuliwa, na mume wangu ameinama akizipaka gundi kwa brashi, anazungumza nazo. Mzungu alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai anavuta sigara. Alinisalimu kwa Kifaransa, kwa adabu. Sina la kumsingizia: siku ile alikuwa na adabu.

"Hii itaruka?" nilimwuliza mume wangu.

"Itaruka, bibi wee. Na wewe utakaa uani unamenya ndizi, utasikia mtu anakuita kutoka juu."

"Nikisikia mtu ananiita kutoka juu nitasoma shahada."

Alicheka mpaka gundi ikamdondokea mguuni. Niliiona furaha yake, na furaha ile ilinitia hofu kidogo. Mtu aliyetengeneza vitanda maisha yake yote, vitanda vya watu kuzalia na kufia, leo anatengeneza kitu cha kupanda mbinguni. Hakuwa akisikia tena kingine chochote. Alikuwa anampenda yule Mzungu, nadhani, kwa namna mtu anavyompenda aliyempa kazi inayomstahili.

Ndege ilipokamilika waliirusha hapo hapo Ngazija, kisiwa cha Moroni, mara kadhaa. Mzungu peke yake kwanza, halafu na mume wangu kando yake, maana ilikuwa na viti viwili. Watu walijaa kutazama. Kisha ikaja habari kwamba watavuka bahari kuja Nzwani. Mume wangu alinitumia salamu kwa abiria wa boti: nije uwanja wa ndege wa Wani siku fulani, atashuka mbele yangu akiwa amekalia kazi ya mkono wake.

Nilikwenda na baba. Baba hakutaka kwenda. Alisema mwenye akili hupanda kitu kilichoundwa na wengi, si na wawili. Lakini alivaa kanzu safi, akaja. Mimi nilijifunika shiromani yangu mpya, ile nguo yetu wanawake wa Nzwani, nyekundu yenye nyeupe, kwa sababu mume anapokuja kwa njia ya juu lazima mke apendeze.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilitokea upande wa Mutsamudu, chini sana, na baadaye watu wa mjini walituambia ilizunguka juu ya ngome na juu ya mapaa mpaka mbuzi wakakata kamba. Yule Mzungu alikuwa akiwasalimia wenzake waliokuwa na kambi yao mjini. Kisha ikaja Wani. Mara ya kwanza ilipita juu ya minazi ikiwa juu mno, ikaenda zake baharini, ikageuka. Mara ya pili ikashuka, na mimi sijui kitu kuhusu ndege, lakini nimeona kunguru wengi wakitua na hakuna hata mmoja anayetua vile. Sauti ya injini ilikufa ndege ingali juu, juu kama dari la ghorofa. Ikabaki pale kitambo, pua imeinuka. Halafu ikaanguka chini nzima nzima, kama gunia linalotupwa kutoka lori.

Iligonga, ikaruka, ikagonga tena. Mguu mmoja wa gurudumu ukapinda ndani, bawa likaburuta, ndege ikazunguka ikalala upande, vumbi likapanda. Mlango ukafunguka. Mzungu akatoka, akakimbia. Namwona mpaka leo anavyokimbia, mikono kichwani, akihofia moto. Hakutazama nyuma. Mume wangu alikuwa bado ndani.

Waliomtoa ni wachukuzi wa uwanja na baba yangu mzee, na kanzu yake safi. Goti la mume wangu lilikuwa limevunjika vibaya; mguu ulielekea upande ambao mguu hauelekei. Alikuwa ameloa. Nilidhani damu, nikamfunika shiromani yangu, nikainama, na pua yangu ikapata harufu ya pombe.

Nyuma ya viti kulikuwa na masanduku ya chupa. Mzungu alikuwa akiwaletea wenzake vinywaji vya sherehe yao, na mume wangu alipouliza mle ndani mna nini aliambiwa ni vipuri. Ndege ilipogonga chini chupa zikapasuka zote, zikamwagikia aliyenaswa. Yule aliyekimbia alitoka mkavu.

Tulimpakia kwenye teksi ya watu wote, tukampeleka hospitali Hombo. Madirisha yalikuwa wazi na bado harufu ilitujaa puani. Dereva alinitazama kwenye kioo, akamtazama baba yangu, mwalimu aliyemfundisha alifu na be, akarudisha macho barabarani. Hospitalini watu waliokaa ukumbini waligeuza nyuso. Walimtibu, sina lawama kwao. Walifanya walichoweza kwa goti lile. Lakini habari haikuhitaji kupita kwa daktari. Ilipita kwa pua.

Na Mzungu, na kibandiko chake kwenye paji la uso, alikuwa ameshawaambia askari wenzake pale pale uwanjani kwamba mbao ndizo zilizovunjika. Fundi hakugundisha vizuri. Nani aliongeza kwamba fundi alikuwa mlevi kazini, sijui, na sitamsingizia mtu. Kilichotokea ni kwamba maneno mawili yalikutana njiani na kuoana: mbao mbovu, na harufu ya pombe. Ilipofika jioni mji mzima ulijua kwamba seremala wa Moroni alilewa, akaunda ndege kilevi, akapanda amelewa, akamponza Mzungu wa watu. Wahenga walisema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Wetu hata hakuokota. Alimwagikiwa.

Baba yangu alikaa kando ya kitanda chake, akamfuta uso, shingo na kifua kwa maji, kwa kitambaa chake mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ya kutosha kusikika vitanda vyote.

"Harufu si shahidi. Katika sheria yetu mtu hahukumiwi kwa harufu."

"Sikunywa, baba," alisema mume wangu. Alikuwa analia. "Wallahi sikunywa."

"Najua, mwanangu. Nawaambia wao."

Hao wao walisikia, wakaitikia kwa vichwa, wakaenda kusimulia vilevile.

Mguu ulipona ukiwa mkavu kama mpini, haukukunjika tena. Kusali alisali ameunyoosha mbele. Hilo tungelivumilia. Ila Moroni walimwita.

Hapa lazima nieleze jambo la Ngazija, maana ndilo lililotumaliza. Kila mji wao una uwanja wa kukaa wanaume, wanauita bangwe. Hapo husemwa mambo ya mji, hapo mtu husifiwa na hapo huhukumiwa. Lakini anayesema hapo ni mtu aliyekwisha kufanya aada, yaani harusi kubwa: harusi ya dhahabu na ng'ombe na kulisha mji mzima, na lazima uoe binti wa mji wenu, kutoka nyumba inayojulikana. Aliyefanya hiyo huitwa mtu mzima. Asiyefanya, hata akiwa na mvi mpaka kwenye kope, ni mtoto wa mji. Anakaa nyuma, na akitaka kusema anasemewa. Mume wangu alikuwa na mimi tu, na ndoa yetu ya sinia moja. Alikuwa mtoto.

Akaenda na fimbo yake kwenye bangwe la Moroni, kujibu shtaka la ulevi na la kuutia mji aibu mbele ya serikali. Aliyemsemea ni mjomba wake, kaka wa mama yake, mtu mzima mwenye joho. Huyo mjomba alikuwa akiwapelekea Wazungu nyama kambini. Usiku wa kuamkia siku ile mume wangu alimsimulia yote: masanduku, injini kufa juu, Mzungu kukimbia. Mjomba alisikiliza, akamwambia, "Niachie mimi, mwanangu."

Asubuhi mjomba akasimama, akamswalia Mtume, akausifu mji, akazisifu koo, kisha akasema: "Mtoto amekosa. Mtoto hukosa. Mimi mama yake wa kiume naomba msamaha kwenu, msameheni."

Akaketi. Mume wangu alinyanyuka na ile fimbo kutaka kusema, na sauti zaidi ya moja zikamwambia kaa chini. Akakaa. Aliniambia kwamba hakumbuki kilichosemwa baada ya hapo, ila anakumbuka mchanga mweusi kwenye ncha ya fimbo yake.

Aliombewa msamaha wa dhambi asiyoifanya, na msamaha ukakubaliwa, na kukubaliwa kwake ndiko kulikoithibitisha dhambi. Kikulacho ki nguoni mwako. Watu wakubwa walimsamehe, mji ukamsamehe, ila kazi hawakumpa. Nani atalala kwenye kitanda cha mlevi? Nani ataweka mlango wa mlevi kwenye nyumba ya bintiye? Yule Mzungu alipata ndege nyingine, ya kiwandani safari hii, na nilimwona mara moja bandarini Mutsamudu. Alinisalimu kwa Kifaransa, kwa adabu.

Mume wangu akarudi kwangu, akakaa. Akachonga vijiko. Watu wa Mutsamudu hawakumtupia maneno, kwa heshima ya baba, lakini hawakumtuma kazi vilevile. Vichekesho vilikwisha. Alikuwa akikaa kibarazani amenyoosha ule mguu, na kila mgeni alisimuliwa habari ya masanduku, na kila mgeni alisema "pole" kwa sauti ile ile. Nilifika mahali nikamchukia mgeni kabla hajabisha hodi.

Siku moja aliniita, akaniambia niketi. Nikajua. Mwanamke anajua mume anapomwambia aketi.

"Nataka kufanya aada," alisema.

"Na nani?"

"Mama ameshasema na watu. Ni nyumba nzuri, ya Moroni pale pale."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu baba yangu alikuwa msomeshaji na karatasi hii inaweza kusomwa na wajukuu zake. Alinisubiri mpaka nikaishiwa pumzi.

"Sitaki mke," alisema. "Wewe unanitosha. Nataka kusimama. Siku nitakapokuwa mtu mzima, nitasimama pale pale aliposimama mjomba, nitasema nilichokiona, na hakuna atakayeniambia kaa chini. Mara moja tu. Nikishasema, nife."

"Utasema kuhusu masanduku?"

"Masanduku, na alivyokimbia, na msamaha wa mjomba. Neno kwa neno."

"Niapie."

Akaapa, mkono juu ya goti lake bovu.

Hapo ndipo mimi, mke mkubwa mwenye akili zangu timamu, nilipofungua kasha. Nilikuwa na bangili za mama yangu na mkufu wa bibi, dhahabu ya Unguja, nzito. Nikampa zikauzwe, aongezee kwenye dhahabu ya kumvisha mwanamke mwingine. Baba alipojua hakunigombeza. Alisema tu, "Umenunua neno moja kwa bei kubwa, mwanangu. Angalia litoke." Nilikasirika naye. Nilikuwa naamini. Usiku na mchana nilimsikia mume wangu kichwani akisimama kwenye lile bangwe, anasema, na wale wazee wanatazama chini.

Ilichukua miaka. Ndugu zake walioko Ufaransa walichangia, mashamba ya mama yake yalikatwa kipande. Harusi ilifanyika Moroni kwa ngoma za wiki nzima, na mimi nilikaa Mutsamudu nikipika mboga ya majani ya muhogo, nikiambiwa na kila aliyeshuka botini jinsi bwana harusi alivyopendeza katika joho pamoja na ule mguu. Mke mwenzangu sina ubaya naye. Alikuwa binti mdogo, na kama vile hakuna aliyeniuliza mimi niliona nini, hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini.

Mara ya kwanza aliposimama bangweni, alishukuru. Akaniambia ndiyo desturi, mtu mpya hushukuru kwanza. Nikakubali. Mara ya pili alikuwa msemaji wa harusi ya binamu. Nikamwuliza, akasema, "Wazungu bado wapo, wewe. Unataka nipotee?" Hilo nalo nililikubali, kwa sababu watu walikuwa wakipotea kweli. Kazi zilikuwa zimerudi. Sasa alikuwa na mafundi chini yake, hagusi gundi, na yule mjomba alikuwa akimpisha mbele kwenye mlango wa msikiti. Masimulizi ya masanduku nyumbani kwangu yalipungua, yakawa ya mara moja moja, kisha nikagundua kwamba sikumbuki mara ya mwisho ni lini.

Ukafika mwaka ambao rais aliuawa na Wazungu wale wakaondoka. Watu walitoka njiani wakicheka na kulia. Nilitia udi nyumba nzima. Nikasema, sasa. Alipokuja nilimkaribisha kwa chakula cha sikukuu, nikamwuliza ni lini.

"Sasa kuna faida gani?" alisema, akichambua mwiba wa samaki. "Wameshakwenda. Na mjomba ni mzee. Utamvunjia mzee heshima?"

Nilijiambia labda anatafuta siku nzuri. Ajabu ya mtu aliyelipia kitu: anasubiri kuliko aliyepewa bure.

Kisha mama yake akafa. Nilivuka kwenda Moroni mazikoni, nikakaa matangani katika nyumba ya marehemu, ambayo ukuta wake unatazamana na bangwe. Wanawake tulikuwa chumba cha juu, mbao za dirisha zimeinamishwa, unaona bila kuonekana. Siku moja baada ya alasiri wanaume walikaa kwa shauri. Gari la abiria lilikuwa limeacha njia kwenye mteremko wa kutoka Ntsoudjini kushuka Itsandra, na watu wameumia, mmoja mwanamke mjamzito. Gari ni la mtu mzima mmoja wa pale pale, mwenye joho. Yeye alisimama, akasema dereva alikuwa anakimbia ovyo.

Dereva alikuwa ameketi nyuma kabisa, kichwa kimefungwa bandeji. Mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye watoto. Akanyanyuka.

"Breki nilimwambia," alisema. "Nilimwambia juzi yake, nikamwambia na jana yake, akaniambia—"

"Kaa chini."

Sauti ile niliijua kabla sijamwona mwenyewe. Nimelala na sauti ile. Mume wangu alikuwa amesimama, joho limemkaa vizuri, fimbo yake sasa ya mpingo yenye kichwa cha fedha.

"Kaa chini," alirudia, bila ukali, kama mtu anayemfundisha mtoto adabu ya mezani. "Hapa mtoto hasemi. Una mjomba, mjomba wako atakuombea msamaha."

Wazee wakaitikia kwamba amesema kweli. Dereva akatazama huku na huku, kama anatafuta mlango mahali pasipo ukuta. Akakaa.

Wanawake chumbani walinigeukia. Mmoja aliniambia, "Bwana wako ana maneno mazuri." Nilitaka kuzifungua zile mbao za dirisha nikapiga kelele mpaka Mutsamudu wasikie. Nilitaka kushuka nikasimama katikati yao bila buibui. Sikufanya. Nilibaki nimeshika ukingo wa dirisha, na mikono yangu mitupu, isiyo na bangili, ilikuwa mbele ya macho yangu.

Magharibi ilipopita aliingia ndani kutusalimia wafiwa. Alikuja akakaa kwenye mkeka mbele yangu, akavua kofia, akajifuta jasho. Alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ile ile ya Itsandra, ya mtu mwenye gundi kwenye brashi. Nilikuwa sijaiona usoni mwake miaka yote ile.

"Ulikuwa dirishani?" aliniuliza. "Umenisikia?"

"Nimekusikia," nikasema. "Na ile ndege?"

Alinitazama. Nilitafuta machoni mwake haya, au hasira, au hata hila ya mtu anayejifanya. Sikuona kitu.

"Ndege gani?" alisema, na akaniomba chai. Mguu wake usiokunjika alikuwa ameunyoosha kutoka ukuta mpaka mlangoni, na ilinibidi niuruke nipite kwenda kumletea.